Benzi la babu lilipogoma mlima wa Bugando

Ilikuwa saa nane usiku wa Jumatano, mvua ikinyesha, Mercedes-Benz ya mwaka 1984 iliposimama katikati ya Barabara ya Wurzburg jijini Mwanza. Kilele cha mlima wa Bugando kilikuwa kimebaki hatua chache. Injini ilikuwa inanguruma na taa zinawaka, lakini babu alipokanyaga mafuta gari lilipiga kelele tu bila kusogea. Kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, mpaka alipokandamiza breki.

Kiti cha nyuma alikuwa amelala mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Ana sikoseli. Mama yake alimfunga mgongoni kwa kitenge, akafunika kitenge kingine juu, wakaumalizia mlima kwa miguu mpaka mapokezi ya dharura.

Kwa wasioijua Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando imekaa juu ya kilima cha mawe, ikilitazama jiji na ziwa kwa pamoja. Ilifunguliwa mwaka 1971, na mpaka leo wagonjwa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa hupelekwa huko. Mandhari ni mazuri kwa anayekwenda kumwona mgonjwa aliyekwishapata nafuu. Kwa anayepanda usiku na mtoto anayelia, mlima ni mlima tu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli; idadi inayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo yenye wagonjwa wengi. Mzazi mwenye mtoto wa aina hii hujifunza mapema mambo yanayochochea maumivu: baridi, upungufu wa maji mwilini, homa, uchovu. Ndiyo maana familia hii, inayoishi Igoma, haimpandishi mtoto bodaboda usiku. Upepo na mvua ya dakika ishirini vinaweza kuongeza maumivu yaliyokwishaanza. Bajaji za saa nane usiku nazo ni za kubahatisha. Kwa hiyo lile Benzi la babu, ambalo majirani huliona kama pambo la mzee, ndilo gari lao la wagonjwa.

Asubuhi yake lilivutwa kwa kamba mpaka Mabatini.

Mabatini ni mtaa ulio kando ya Barabara ya Nyerere, njia ya kutokea mjini kuelekea Musoma. Gereji ziko nyingi, zenye mabango na zile wanazoziita gereji bubu, chini ya mwembe au ukutani mwa nyumba ya mtu. Mto Mirongo hupita maeneo hayo, mwembamba na wenye takataka nyingi wakati wa kiangazi, mkali wakati wa mvua, kisha hukatiza mjini na kuingia Ziwa Victoria.

"Mwangaluka, babu," fundi alimsalimu Kisukuma, huku macho yake yakiwa kwenye kamba.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola, lakini nani amelivuta hili gari hivi?"

Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na wengi hulifanya. Gari la gia otomatiki halivutwi kama la gia za mkono. Ndani ya giaboksi kuna pampu inayosukuma oili kwenda kwenye vyuma vyote, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Magurudumu ya nyuma yakizunguka njia nzima, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Ilitakiwa ama propela ifunguliwe kwanza, ama liitwe gari la breki dauni lilibebe. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kulistua kwa kulisukuma betri ikiisha nguvu. Vijana watasukuma mpaka jioni.

Babu alisikiliza kimya. Alikuwa karani wa hesabu katika chama cha ushirika cha pamba mpaka alipostaafu, na ni mtu asiyependa kuambiwa amekosea mbele ya vijana. Gari alilinunua mnada wa miaka ya tisini, likiwa tayari limetumika. Aina hiyo, ambayo wapenzi wa magari huiita W123, ilitengenezwa Ujerumani kuanzia mwisho wa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7, na Afrika Mashariki bado unayaona yakitembea. Ni gari lililozoeshwa barabara mbaya. Lakini hata gari zuri hufa kwa kitu kidogo.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa, akampa babu naye anuse. Oili nzuri ya giaboksi ni nyekundu na haina harufu ya kuungua. Hii ilikuwa ya kahawia, ikinuka kama chungu cha maharage kilichosahaulika jikoni.

"Hiki kijiti mnakipima lini?"

Ikagundulika kwamba hakuna aliyewahi kukipima. Babu hupima oili ya injini na maji ya rejeta kila Jumapili baada ya ibada, kwa uaminifu, lakini kijiti cha pili hakukijua kazi yake. Sili ya mbele ilikuwa imechoka, oili ikavuja tone kwa tone miezi mingi, na doa la uani wakadhani ni la injini. Oili ilipopungua, klachi za ndani zikateleza. Zilipoteleza zikapata moto. Zilipopata moto zikaungua.

Hapo ndipo mabishano ya kifamilia yalipoanza. Mama wa mtoto, anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, alitaka gari liuzwe kama chuma chakavu, wachange, wanunue IST kama watu wengine. Hoja yake ilikuwa nzito: vipuri vya Toyota vipo kila kona. Baba wa mtoto, aliyeko kazini Geita, kwenye simu aliunga mkono pande zote mbili, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Babu alitoa mfano wake wa siku zote, meli ya MV Victoria. Aliipanda kwenda Bukoba akiwa kijana. Meli ile ilijengwa Scotland, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Ilipofika 2014 ikasimama. Watu wakasema imekwisha. Ikafungwa injini mpya hapahapa Mwanza, na mwaka 2020 ikarudi ziwani ikibeba abiria 1,200.

"Mbona ile hamkusema iuzwe chuma chakavu?" aliuliza.

Mama hakushindwa na mfano wa meli. Alishindwa na hesabu. Fedha iliyokuwapo ilitosha giaboksi iliyotumika na ufundi, kama bei ya ng'ombe wawili. IST ingehitaji zizi zima. Na kliniki ya mtoto haisubiri mchango utimie.

Giaboksi ilipatikana Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika. Kabla ya fedha kutumwa kwa simu, fundi alifanya jambo ambalo kila mwenye gari la zamani afadhali alinakili: alitaka picha ya namba zilizogongwa ubavuni mwa giaboksi, akazilinganisha na zile za giaboksi iliyoungua. Giaboksi mbili za Benzi moja zinaweza kufanana kama mapacha, kumbe moja ni ya injini ya dizeli na nyingine ya petroli. Muuzaji wa kwanza alituma picha ya ubavu mwingine mara tatu. Wakaachana naye. Wa pili alituma namba zenyewe, na mzigo ukafika kwa basi, umefungwa kwenye gunia na kamba za katani.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kushusha. Fundi alianza kwa kuchomoa waya wa betri, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akanyanyua gari kwa jeki, kisha akaliegemeza juu ya stendi nne za chuma alizochomelea mwenyewe kwa mabomba mazito. Haingii chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake, na kijana akijaribu humfukuza siku hiyo bila malipo. Jeki hunywea. Sili yake ndogo ikipasuka, gari linashuka bila kupiga honi. Gereji nyingine hutumia tofali, na tofali hupasuka ghafla. Kwa mzazi mwenye kijana anayejifunza ufundi mtaani, swali la kumuuliza jioni ni hili: leo gari mliliegemeza juu ya nini?

Oili ya zamani ilimwagwa kwenye beseni. Propela ikafunguliwa, ikafuata eksozi, mabomba ya oili yanayokwenda kwenye rejeta, kebo, waya na kile kibomba chembamba cha upepo kinachoiambia giaboksi injini inafanya kazi kiasi gani. Kila nati ilikwenda kwenye kopo lake. Bolti za kushikilia toki konveta, lile bakuli kubwa la chuma lililojaa oili ambalo ndilo linashika nafasi ya klachi ya kawaida, hufikiwa kupitia kidirisha kidogo. Kijana mmoja anazungusha injini kwa spana mbele, mwingine analala chini akisubiri bolti ijitokeze. Saa kumi jioni giaboksi ilishuka juu ya jeki ya magurudumu, ina uzito wa mtu mzima, na vijana watatu wakaivuta nje. Fundi alikataa wainyanyue kwa mikono. Ana kaka aliyeumia mgongo kwa kunyanyua injini, na hadithi hiyo huisimulia kila wiki.

Wakati wa kunawa, kijana mdogo alichukua kitambaa akakilowesha petroli. Ni desturi ya gereji nyingi, kwa sababu petroli hutoa grisi haraka. Pia hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na baadhi ya vilivyomo, kama benzini, hupenya ngozi na kuingia mwilini. Benzini ni kisababishi cha saratani ya damu kinachojulikana. Fundi huyu ana ndoo ya sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini. Si kila kijana anaitumia akiwa peke yake. Glavu zipo, lakini wanalalamika kwamba hazishiki nati.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa na hofu mbili, moja ya gari na nyingine ya mtoto.

Ile ya gari ilikuwa asubuhi. Kwanza walisafisha mabomba na sehemu ya rejeta inayopoza oili ya giaboksi, kwa sababu humo hubaki vumbi la chuma na uchafu wa klachi zilizoungua. Ukifunga giaboksi nyingine bila kusafisha, uchafu wa marehemu unamwua mrithi. Wakabadilisha filta, gasketi ya sampu na sili ya mbele, vitu vya bei nafuu ambavyo baadhi ya mafundi huviruka kwa sababu mteja haoni. Konveta ikamiminiwa oili kidogo, ikaingizwa mahali pake huku ikizungushwa kwa mkono.

Hapa panataka subira. Konveta haina budi kuingia ndani hatua kwa hatua mpaka meno yake yashikane sawasawa na pampu. Inapokaa, mkono unasikia: ko, kisha ko, kisha ko ya mwisho. Kijana alisikia mara mbili akaridhika. Giaboksi ikapandishwa, ikabaki nafasi ya upana wa kidole kati yake na injini, naye akachukua spana ndefu ili bolti zivute chuma kikutane na chuma.

"Acha!" fundi alipiga kelele. "Shusha."

Bolti zingevuta, ndiyo. Zingevunja pampu, na ng'ombe wawili wangekuwa wamekwenda. Walishusha, wakazungusha konveta tena, babu akiwa amesimama pembeni ameshika fimbo yake. Dakika ishirini hakuna aliyeongea. Kisha ikasikika ko ya tatu. Ilipopandishwa upya iligusana na injini kwa kusukumwa na kiganja, na konveta ikazunguka kwa kidole kimoja. Ndipo bolti zikakazwa.

Hofu ya pili ilikuja saa saba mchana. Mama alifika na chakula, ugali na sato wa kuchoma, amemshika mtoto mkono. Alikuwa ameruhusiwa siku tatu nyuma na ameambiwa, kama siku zote, anywe maji mengi. Kijana alikuwa amemimina oili mpya ya giaboksi, iliyobaki kwenye dumu, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Oili hiyo ni nyekundu, inang'aa juani. Mtoto aliiona juu ya benchi akadhani ni rozela. Alikuwa amekwishafungua kizibo na chupa iko mdomoni babu alipoipiga kwa fimbo ikaanguka.

Hakumeza. Midomo yake ilikuwa na wekundu, mama akaifuta kwa kanga, akaisuuza kwa maji, akakaa chini kwenye tairi kwa sababu miguu ilikataa kumbeba. Mtoto alilia kwa kuona amegombezwa, si kwa maumivu.

Hospitali hupokea watoto wa namna hii mara kwa mara, zaidi kwa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa za soda. Hatari kubwa si tumboni. Mafuta mepesi hukimbilia kwenye mapafu, na huko huleta homa ya mapafu inayoweza kuua. Ndiyo maana mtoto aliyemeza mafuta ya taa, petroli, dizeli au oili hatapishwi, kwani akitapika mafuta hupita kooni mara ya pili na nafasi ya kuingia mapafuni inaongezeka. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari ajue ni kitu gani. Akikohoa au akipumua kwa shida, hata kama alilamba kidogo tu, asisubiriwe mpaka kesho. Vijana wanaonyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi wako katika hatari hiyohiyo.

Fundi alizikusanya chupa zote za maji zilizokuwa gerejini na kuzitoboa kwa msumari. Alimwomba mama samahani mara mbili. Mama alijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe.

Oili chafu ya siku iliyotangulia bado ilikuwa kwenye beseni, na mvua ilikuwa inarudi. Mabatini mvua ikinyesha kila kilichomwagwa chini hufika Mirongo, na Mirongo haina kwingine kwa kwenda ila ziwani, kule ambako samaki wa mchana ule walivuliwa na ambako jiji huchota maji yake, Capri Point. Fundi alimimina kwenye pipa lenye mfuniko. Oili hiyo huja kuchukuliwa na mafundi seremala wanaopaka mbao zisiliwe na mchwa. Si dawa ya kuaminika sana na mikono ya seremala inabaki kwenye hatari, lakini ni afadhali kuliko mtaro. Majirani zake wawili hawana pipa. Mtaro wao mweusi unaonekana kutoka barabarani.

Saa kumi na nusu walimimina oili mpya, lita chache kwanza, wakawasha injini, wakaongeza polepole. Babu alikaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, akapeleka mkono wa gia kutoka P mpaka mwisho na kurudi, akisimama kidogo kila mahali ili oili ijaze njia zake. Alipofika R gari lilijivuta kidogo, kama ng'ombe anayesikia jina lake. Vijana wakashangilia. Fundi hakushangilia; alisubiri oili ipate moto, kisha akapima kijiti mahali tambarare, injini ikiwa inawaka na gia ikiwa P, akamwita babu na mama wote wawili waone alama. Safari hii mama ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi. Alipiga picha kijiti kwa simu.

Mlima wa majaribio haukuwa na mjadala. Walipanda Bugando jua likizama, bila mgonjwa, wakageuza gari juu na kushuka, wakapanda tena. Mara ya pili babu alisimamisha gari makusudi mahali palepale lilipogomea, akaachia breki na kukanyaga mafuta. Liliondoka.

Jumamosi walitoka kwa safari ndefu ambayo fundi aliitaka kabla ya kupima oili tena: Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa, Usagara, kisha Kigongo. Miaka yote babu aliyoendesha gari hilo, Kigongo ilikuwa mahali pa kuzima injini na kusubiri kivuko, kununua mahindi ya kuchoma, kusubiri tena. Wagonjwa wa Sengerema na Geita waliokuwa wanapelekwa Bugando walisubiri kwenye foleni hiyohiyo. Tangu Juni 19, 2025 kuna daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, na babu alilipita kwa mwendo wa harusi, dirisha wazi, akisikiliza gia zinavyobadilika. Mtoto alihesabu nguzo mpaka akachoka. Upande wa Busisi walisimama, mama akafungua boneti mwenyewe na kupima kijiti. Oili ilikuwa nyekundu, kwenye alama.

Baba wa mtoto aliwasubiri Sengerema. Aliliangalia gari, akazunguka nyuma, akachuchumaa kutazama kama kuna kitu kinachodondoka.

Sasa gari hulala uani Igoma likiwa limegeuziwa pua kwenye geti. Funguo ziko kwenye msumari karibu na taa ya sebuleni, chini yake mama ametundika mfuko wenye kadi ya kliniki, kitenge kizito na chupa ya maji. Wiki iliyopita homa ilimpanda mtoto saa sita usiku. Walifika Bugando saa sita na nusu, na babu akabaki kwenye maegesho kwa muda, injini ikiwaka, akikagua kwa tochi sakafu chini ya gari.